Unasoma sayansi chuoni na kwenu ni Lamu au Malindi: maswali ninayoulizwa kila likizo

Kila nikishuka boti kutoka Mokowe, kabla hata sijafika nyumbani Langoni, lazima nikute kijana kakaa pale gatini ananingoja, "kaka, mimi niko mwaka wa pili, sasa nifanyeje nipate kazi ya sayansi?" Nami namjibu haraka haraka manake nina mizigo na jua ni kali, alafu kesho yake anakuja mwingine na swali lilelile. Basi nimekaa kitako nikayaandika yale yanayorudi kila mara. Mimi nilisomea baiolojia ya bahari, saa hii nafanya kazi ya utafiti, sio profesa wala mtu mkubwa, ila njia hizi nyingine nimezipita na nyingine zimenipita mimi.

Si nikimaliza digrii yangu vizuri kazi itakuja yenyewe?

Haiji. Digrii inakuingiza kwenye foleni tu. Nimeshakaa upande wa pili wa meza tukichambua maombi ya nafasi moja ya msaidizi wa utafiti, wote wana digrii, wengi wana daraja la pili la juu, karatasi zimefanana mpaka unachanganya majina. Kinachowatenganisha ni hiki: huyu amefanya nini kwa mikono yake, na nani alimuona akifanya? Hilo la pili ndilo watu wanalisahau. Unaweza kuandika kwenye CV kwamba unajua kupima chumvi ya maji, lakini kama hakuna mtu wa kuinua simu akasema "ndio, huyo alikuja kwetu wiki 8, hakuchelewa, daftari lake lilikuwa safi", basi umejisifu mwenyewe tu.

Nianze lini?

Mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza zoea chuo, zoea chakula cha kampasi, usiangushe hesabu, basi. Mwaka wa tatu watu wengi ndio wanaenda atachimenti, yani mafunzo ya kazi ofisini au maabarani, mwaka wa nne project inakubana koo na huna nafasi ya kujifunza kitu kipya. Kwahivyo likizo ndefu ya mwaka wa kwanza kuingia wa pili ndiyo ya dhahabu, na ndiyo hiyo wengi wetu tunaimalizia barazani.

Lakini sayansi yote iko Nairobi, huku kwetu kuna nini?

Hili swali linaniuma, manake na mimi nilikuwa naliuliza. Nduyangu, watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kuja kusoma vitu vilivyo nyuma ya nyumba yenu.

Tuanze na Kilifi, si mbali na Malindi. Pale kuna kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome Trust tangu 1989, na Kilifi ni mojawapo ya sehemu ambazo chanjo za malaria zilijaribiwa, ile RTS,S ambayo WHO iliipendekeza kwa watoto 2021 na ile R21 iliyofuata 2023. Profesa Faith Osier, Mkenya mwenzetu anayejulikana dunia nzima kwa kinga ya malaria, miaka yake mingi ya utafiti ameifanya hapo Kilifi. Na usidhani mahali kama pale wanataka madaktari tu, wanahitaji watu wa takwimu, watu wa kutunza data, watu wa maabara, watu wa kwenda vijijini kuongea na wazazi kwa Kigiriama na Kiswahili wakaeleweka. Chuo cha Pwani nacho kiko mji huohuo.

Ukiwa Malindi una mbuga ya bahari tangu 1968, una mdomo wa mto Sabaki ambao watu wa kuangalia ndege wa porini wanaujua kuliko sisi, una hori la Mida na msitu wa Arabuko Sokoke wenye sange wa kiuno cha dhahabu, yule mnyama mdogo wa pua ndefu, una Watamu ambako kuna watu wanashughulikia kasa na wengine wanasoma miamba ya matumbawe. Magofu ya Gede pia ni sayansi, usiseme ni historia tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa utafiti wa DNA ya mifupa ya Waswahili wa kale, na mifupa mingine ilitoka Manda na Faza hapa hapa Lamu, na mmoja wa walioongoza ni Chapurukha Kusimba, mwanaakiolojia Mkenya.

Alafu Ngomeni! Hii nawaambia watu hawaamini. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Jamhuri, setilaiti ya kwanza kabisa duniani iliyotengenezwa kuchunguza eksirei za nyota ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini pale Ngomeni, kaskazini ya Malindi, na ndio maana ikaitwa Uhuru. Aliyeongoza kazi hiyo, Riccardo Giacconi, baadaye akapata Nobel ya fizikia 2002. Setilaiti yetu wenyewe Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023, lakini kutoka California. Wavuvi wa Ngomeni wameishi na minara ile miaka yote, na sijakutana na watoto wengi wa pale waliosoma fizikia.

Na Lamu? Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko kaunti yetu. Kuna hata kipimo cha kina cha bahari hapa Lamu kinachorekodi maji kujaa na kupwa tangu miaka ya tisini, na data zake unazipata bure kwenye intaneti, kwenye hifadhi ya chuo kikuu cha Hawaii. Ati bahari ya kwetu, ukitaka namba zake unazifuata Hawaii. Mimi nilizigundua nikiwa mwaka wa nne, ningezijua mwaka wa pili ningekuwa mbali.

Atachimenti napataje? Nimetuma barua 10 hakuna aliyejibu.

Kwanza, ulituma lini? Kama unataka kuingia mwezi wa tano na barua umetuma mwezi wa nne, umechelewa, nafasi zimejaa. Tuma Januari au Februari. Andaa barua ya chuo, nakala ya matokeo, kitambulisho na bima ya ajali, hiyo bima wengi wanasahau wanakuja kurudishwa mlangoni, na ukitoka Lamu kurudishwa mlangoni Mombasa si jambo la mchezo, kuna nauli, kuna siku nzima ya basi kupitia Garsen.

Pili, barua 10 zilikuwa barua moja umeibadilisha jina la ofisi? Wanajua. Ona, barua ya "naomba nafasi yoyote katika shirika lako tukufu" inasomwa na karani inawekwa faili. Lakini ukisema "nimeona mnapima ukuaji wa mikandaa, mimi nimezaliwa Lamu, najua kupiga kasia, najua kutofautisha mkandaa na muia, na nimeshajifundisha kidogo kutumia QGIS, programu ya kuchora ramani", hapo mtu anasimama. Usidharau hayo ya kasia. Kuna siku timu yetu ilikwama kwenye mkondo wa maji na wasomi watatu wa digrii za juu, aliyetuokoa ni atachii kutoka Pate aliyejua maji yatarudi saa ngapi.

Tatu, nenda mwenyewe. Vaa vizuri, fika asubuhi, omba kuonana na mtu dakika 5. Sisi watu wa pwani tuna haya, tunaona kama kujipeleka ni kujidhalilisha, wenzetu wa bara wanaingia tu.

Na ukipata, usikae. Mimi atachimenti yangu ya kwanza, sitaji ofisi, nilikaa miezi 3 natoa fotokopi na kuagiza chai, nikirudi chuoni nikaandika ripoti ya uongo yenye kurasa 20. Nilikuwa naogopa kuuliza. Siku za mwisho ndio nikajua chumba cha pili kulikuwa na mama mmoja anayesoma umri wa samaki kwa kuhesabu pete za kijiwe cha ndani ya sikio, kama unavyohesabu pete za mti, na alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia miezi yote hiyo. Ukuta mmoja tu. Basi wiki ya kwanza zunguka, salimia kila mtu, uliza "wewe unafanya nini hapa?", alafu jipe kazi moja ndogo iwe yako, hata kama ni kusafisha data ya zamani iliyoandikwa vibaya.

Nimewekwa kozi ambayo sikuiomba, nifanyeje?

Angalia kama dirisha la kubadilisha la KUCCPS, wale wanaopanga wanafunzi vyuoni, au la chuo bado liko wazi, likifungwa basi usipoteze miaka 4 unalia. Sayansi za msingi zinapishana sana. Rafiki yangu aliwekwa hesabu akitaka udaktari, leo anachambua data za wagonjwa wa malaria, na wagonjwa anawagusa zaidi ya vile alivyofikiria.

Ila onyo moja, na hili limewaumiza watu wetu wengi: ukitaka kufanya kazi maabara ya hospitali, digrii ya baiokemia au maikrobaiolojia peke yake haitoshi. Bodi ya KMLTTB inasajili waliosoma maabara ya tiba kwenye kozi iliyoidhinishwa. Hakikisha kabla ya kujisajili, si baada ya mahafali. Namjua dada wa Malindi aliyelia juu ya hili na digrii nzuri mkononi.

Hesabu sizipendi, ndio maana nikachagua baiolojia. Kompyuta nayo lazima?

Pole, umeruka maji ukakanyaga tope. Baiolojia ya sasa ni hesabu imevaa kanga. Takwimu utaikuta kila mahali na ndiyo inayolipa. Jifunze R au Python, lugha za kompyuta za kuchambua data, zote bure, R hata ukiwa na laptopu kuukuu inakwenda. Pia QGIS ya ramani, bure. Picha za setilaiti za Sentinel-2 ni bure, kila kidoti ni mita 10 kwa 10, na za Landsat zinarudi nyuma mpaka miaka ya sabini. Yani mwanafunzi akiwa Hindi au Mkunguni na bando yake anaweza kuangalia mikoko ya Lamu ilivyokuwa kabla ya bandari ya Magogoni na ilivyo sasa, asiombe ruhusa ya mtu. Hiyo ni project kamili ya mwaka wa nne.

Huna laptopu? Tumia ya chuo usiku wakati wenzio wamelala, wengi tulianza hivo.

Mimi ni msichana, nyumbani hawataki nilale huko kwenye utafiti wa nje na wanaume nisiowajua.

Usigombane nao, wapeleke taarifa. Wazazi wanaogopa kisichojulikana. Waambie nani anasimamia, mtalala wapi, wanawake ni wangapi, namba ya simu ya msimamizi, na ikiwezekana msimamizi mwenyewe apige amsalimie mamako kwa heshima. Nimeona baba mkali wa Siyu akibadilika kwa simu ya dakika 3. Na ikishindikana kabisa, kuna kazi nyingi za maabara na za data zinazoisha jioni ukarudi nyumbani.

Kuhusu hijabu maabarani, hakuna shida, ila iwe ya pamba na ncha zote uzichomeke ndani ya koti jeupe, manake nailoni ikishika moto inayeyuka kwenye ngozi. Buibui la mikono mipana livue ulitundike nje ya maabara. Na Ramadhani panga kazi nzito za utafiti wa nje kabla, kupanda mikoko na swaumu saa saba mchana sikushauri.

Na akikwambia mtu sayansi si ya wanawake, mwambie Wangari Maathai digrii yake ya kwanza ilikuwa baiolojia, 1964, na PhD akaichukua chuo kikuu cha Nairobi 1971, Nobel ilikuja baadaye sana.

Nataka kumwandikia mtafiti mkubwa, nitaanzaje?

Soma kazi yake moja kwanza, moja tu lakini uisome mpaka mwisho. Alafu andika mistari isiyozidi 10: wewe ni nani, umesoma nini chake, swali moja la kweli, na unachoomba. Usitume vyeti vya darasa la nane. Usianze na "dear sir" kwa mtu ambaye ni mwanamke, hii hutokea kila wiki. Asipojibu ngoja wiki 2, mkumbushe mara moja, kisha mwache. Mimi niliandikia watu 14, wakajibu 3, mmoja ndiye aliyekuja kuwa supavaiza wangu.

Project ya mwaka wa nne nichague nini?

Kitu kidogo chenye swali moja, karibu na nyumbani, kinachowezekana na pesa uliyo nayo. Wanafunzi wanapenda vichwa vikubwa, "athari za mabadiliko ya tabianchi Afrika Mashariki", wewe na nani? Chukua "je, dema zenye matundu makubwa zinanasa tafi wadogo wachache kuliko dema za kawaida hapa Shela?" Hilo unaweza kulijibu, na wavuvi watakusikiliza.

Uliza mapema kama unahitaji kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ukiingia mbuga ya bahari lazima KWS, watu wa wanyamapori, wajue, na ukihoji watu kuna kamati ya maadili. Hizi karatasi zinachukua muda, usizianze wiki ya kukusanya data.

Jifunze kupima sawasawa. Miti mingi inapimwa unene kwa urefu wa mita 1.3, lakini mkoko wenye mizizi ya kushikilia unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ukikosea hapo data nzima ni takataka na utagundua umesharudi chuoni. Na weka nakala! Mimi vipimo vya siku 9 vilikuwa kwenye simu, simu ikaniponyoka nikiruka kutoka mashua kwenda gatini, plup, nikabaki naangalia mapovu. Nilisubiri bamvua inayofuata, yale maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, kuanza upya. Tangu hapo naandika kwa penseli kwenye daftari, jioni napiga picha kila ukurasa, najitumia.

Kiingereza changu si kizuri.

Kinaandikika. Soma makala moja kwa wiki, andika muhtasari wa mistari 5 kwa Kiswahili kwanza, ukishindwa kuieleza kwa Kiswahili hukuielewa, shida si Kiingereza. Mimi mpaka leo nawaza kwa Kiamu nikiandika ripoti.

Masta na PhD, lazima nizaliwe tajiri?

Wala. Watu wanalipiwa. Skolashipu za DAAD ya Ujerumani, Commonwealth, Erasmus Mundus, hizo zote Wakenya wanaomba na wanapata. Vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg linawatoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa semista, na bado utatakiwa kuonyesha una pesa za kuishi. Marekani kwa sayansi unaweza kuingia PhD moja kwa moja na digrii ya kwanza na ukalipwa kwa kufundisha au kufanya utafiti, hii watu wengi hawaijui wanadhani lazima masta kwanza. Kwa watu wa bahari kuna WIOMSA, chama cha wanasayansi wa bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi, makao yao Zanzibar, wana misaada ya utafiti na kongamano kila miaka 2, nenda hata kama ni kubandika bango tu ukutani.

Barua za mapendekezo omba mwezi mmoja kabla, kwa mtu anayekujua kweli, mtumie CV na tarehe ya mwisho. Barua ya profesa mashuhuri aliyekufundisha mkiwa 300 ukumbini haina uzito kama ya msimamizi mdogo aliyeloa na wewe.

Na skolashipu inayokuomba utume hela ya usajili kwa M-Pesa, ni wezi. Jarida linalokuandikia lenyewe likikusifu na kukuahidi kuchapisha kwa siku 3 ukilipa, ni ndugu zao.

Nimepata sup mbili, yani mitihani ya kurudia, nimeharibu?

Hapana. Eleza ukiulizwa, usifiche. Kuna skolashipu zitakukataa, ziache. Kazi uliyofanya kwa mikono inaziba mengi.

Kwani kazi zenyewe zipo? Na zinalipa?

Zipo lakini si nyingi na nyingi ni za mkataba, mradi ukiisha na wewe umeisha, uanze kutafuta. Sitawadanganya. Ukitaka uhakika wa mshahara angalia serikali: uvuvi wa kaunti, KMFRI ya utafiti wa bahari na uvuvi, hali ya hewa, maji. PSC, tume ya utumishi wa umma, ina nafasi za intanshipu za miezi 12 kwa waliomaliza, omba. Kuna kazi za tathmini ya mazingira ambazo lazima usajiliwe na NEMA, mamlaka ya mazingira, na kwetu Lamu hizo tumeona uzito wake: Juni 2019 baraza la mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe kwasababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na katika kesi ile kulihitajika watu wa kuisoma ile ripoti nene mstari kwa mstari wakaielewa. Kuna kaboni ya mikoko pia, ile hewa ukaa inayohifadhiwa na miti, Gazi kule Kwale wanaiuza miaka zaidi ya 10 sasa, na kila mradi kama huo unahitaji mtu wa kupima miti.

Wazazi nao wana swali lao. Mamangu aliponiona narudi na tope mpaka magotini mwaka wa kwanza wa kazi aliniuliza, "mwanangu, samaki hao wawauza ama wawahesabu tu?" Nilipomwambia nawahesabu tu akanyamaza muda mrefu, kisha akasema basi angalau nimletee mmoja. HELB, mkopo wa serikali wa kusomea, ni deni, usilisahau, na miaka ya mwanzo utakuwa unalilipa huku binamu yako wa bodaboda anajenga. Jua hilo mapema.

Naweza kuja na wewe kazini siku moja nione?

Ndio, na hili ndilo swali ninalolipenda. Siku za bamvua maji yanakupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, kwahivyo tunaondoka gatini saa mbili, boti haingoji mtu. Njoo na viatu vya zamani vya kufunga, sio ndara, tope linazimeza. Kofia, maji lita 2, mkate wa mofa ukiweza uletee na wenzako. Penseli, sio kalamu, wino unachuruzika. Na mwambie mamako unarudi alasiri.